Kujiona

Mwaka jana nilikuwa kidato cha pili, kipindi cha mwisho kabla ya mapumziko ya saa nne, nikifundisha viambishi. Niliandika ubaoni "ninaona". Chini yake nikaandika "ninamwona", "ninakiona", kisha "ninajiona", nikaipigia mstari ile "ji" ya katikati. Nikaeleza kama nilivyozoea: hapa anayeona na anayeonwa ni mmoja, jicho limemrudia mwenyewe. Msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, ukimwona mtu si kosa, ukikiona kitu si kosa. Mbona ukijiona unakuwa mbaya?"

Darasa likaangua kicheko, lakini yeye hakuwa akitania. Alikuwa ameshika jambo. Kumwambia mtu "unajiona" ni kumtia doa. "Anajisikia" ni vilevile. Kuona na kusikia, vitenzi viwili visivyo na hatia yoyote, hutiwa silabi moja vikageuka kuwa kiburi. Kujidai, kujikweza, kujitapa, kujivuna: kila unapogusa, ile silabi imekaa humo.

Nilimwahidi kumjibu wiki inayofuata, na sikumjibu vizuri. Jibu nililokuwa nalo lilikuwa refu mno kwa kipindi cha dakika 40, na lilianzia mbali na darasa la Kiswahili.

Lilianzia Tanga mwaka 2018, nilipokuwa nikimuuguza mama. Alikuwa na maradhi ya Parkinson. Usiku alilala vipande vipande, nami nikakosa usingizi kabisa, nikawa nasoma kwenye simu kando ya kitanda chake. Kwa njia nisiyoikumbuka tena nikaangukia hotuba za Buddha, zile za zamani zilizohifadhiwa kwa lugha ya Kipali, zilizokaririwa kwa midomo kwa karne kadhaa kabla ya kuandikwa kule Sri Lanka takriban karne ya 1 kabla ya Kristo. Mimi si Mbudha. Nimelelewa katika Uislamu na humo ndimo nilimo. Lakini hotuba zile zinarudiarudia maneno yake kama nyiradi, na mtu aliyezoea kusikia uradi ukisomwa usiku hachoshwi na marudio hayo. Yananyamazisha kitu.

Ya kwanza kunikamata ni hotuba ya pili aliyoitoa Buddha, pale Isipatana, panapoitwa leo Sarnath, karibu na Varanasi, India. Wasikilizaji walikuwa watawa watano tu. Hoja yake ni nyepesi mno: mwili si nafsi, kwani ungekuwa nafsi usingeelekea kwenye maradhi, na mtu angeweza kuuamuru, mwili wangu na uwe hivi, usiwe vile. Niliposoma hayo nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akifanya hasa jambo hilo kila siku. Mkono wa kulia wa mama ulitetemeka hata ukiwa umelala juu ya mto. Naye aliusemesha. "Tulia wewe. Nimekwambia tulia." Kwa sauti ileile aliyotumia kwetu tulipokuwa watoto tunachezea ugali. Mkono haukumsikia. Wakati mwingine aliukamata kwa mkono wa kushoto, akaubana mapajani, akanitazama kama mtu aliyeaibishwa na mtoto wake mbele ya wageni.

Hapo nikaona kwamba Buddha hakuwa akibishana na wanafalsafa peke yao. Alikuwa akionesha kosa ambalo mgonjwa hulikuta mwenyewe, bila kufundishwa.

Lakini kosa la namna gani? Hapa ndipo wengi wanaoyasimulia mafundisho haya wanapopita mbio. Husema "Buddha alifundisha kwamba hakuna nafsi", wakaweka nukta, kana kwamba ni habari inayokaririwa kama jina la mji mkuu. Katika hotuba zenyewe suala hili limewekwa kwingine. Limewekwa kwenye namna tunavyotambua vitu.

Buddha alimgawa mtu katika mafungu matano: umbo, yaani mwili, hisia, kwa maana finyu ya utamu, uchungu, au kisicho kitamu wala kichungu, utambuzi, misukumo ya nia, na fahamu. Neno lake, khandha, ni fungu au lundo. Mtu wa sokoni ataelewa upesi: kwenye fungu la nyanya hakuna nyanya inayoitwa fungu. Fungu la tatu, utambuzi, kwa Kipali sanya, ni ile kazi ya haraka ya kukipa kitu alama na kukijua kwa alama hiyo. Mfano unaotolewa hotubani ni wa kawaida kabisa: utambuzi hutambua bluu, njano, nyekundu, nyeupe. Mfafanuzi Buddhaghosa, aliyeandika kule Sri Lanka karne ya 5, akaufananisha na alama anazotia seremala kwenye mbao ili akirudi azijue, na akaongeza mfano ninaoupenda zaidi: ndama wa paa anayeona sanamu la majani katikati ya shamba akalijua kuwa ni mtu. Ndama hajafikiri. Hana hoja. Ameona mtu, amekimbia.

Kuna hotuba moja, iliyotolewa kando ya mto Ganges, ambamo kila fungu limepewa mfano wake. Umbo ni bonge la povu linaloelea mtoni. Hisia ni viputo vya mvua juu ya maji. Utambuzi ni mazigazi ya adhuhuri katika mwezi wa mwisho wa kiangazi. Misukumo ni mgomba. Fahamu ni kiinimacho kinachochezwa njia panda.

Ule mgomba ulinirudisha nyumbani. Mtu anatafuta kiini cha mti, anaingia msituni na shoka kali, anauona mgomba mrefu umenyooka, anaukata chini, anakata kilele, anaanza kuubandua gamba baada ya gamba, na hapati hata mti mlaini, sembuse kiini. Tulipokuwa Muheza tulikuwa na migomba nyuma ya jiko, na sisi watoto tulifanya kazi hiyohiyo kwa visu vya kuiba. Gamba linatoka likichuruzika maji, ndani yake gamba jingine, jeupe zaidi, lenye vijumba vidogo kama sega. Unaendelea. Mwisho mkononi mwako hakuna kitu, na miguuni una lundo. Sidhani kama msomaji wa nchi ya baridi anaupata mfano huu kama tunavyoupata sisi.

Ila mfano uliokaa nami muda mrefu ni wa mazigazi. Nikitoka Dar kwenda Tanga, kipande cha Chalinze mpaka Segera, mchana wa mwezi wa pili, lami mbele inameremeta maji. Unayaona. Yana mwanga, yana ukingo, yanaakisi hata rangi ya lori linalokuja. Abiria wote tunajua kuwa hakuna maji, na dereva hakanyagi breki. Lakini kujua huko hakuyafuti. Kilomita ishirini mbele, yapo palepale, na jicho linayaona upya kana kwamba halijawahi kudanganywa.

Ndiyo maana hotuba nyingine huupanga upotofu wetu katika ngazi tatu: upotofu wa utambuzi, wa fikra, na wa mtazamo. Tunakichukua cha kupita kuwa cha kudumu, chenye maumivu kuwa raha, kisicho nafsi kuwa nafsi, kichafu kuwa kizuri. Mtazamo unaweza kuusahihisha kwa hoja ya jioni moja. Utambuzi haujui hoja.

Nikumbushe hapa kuwa Buddha mwenyewe alikataa kulifanya jambo hili kuwa kauli ya kukariri. Mzururaji mmoja, Vacchagotta, alimwendea akamuuliza: nafsi ipo? Akanyamaza. Je, haipo? Akanyamaza tena. Vacchagotta akainuka akaenda zake. Ananda, mtawa aliyekuwa akimhudumia, alipouliza sababu, Buddha akamweleza, pamoja na mengine, kwamba angemjibu yule mtu "haipo" angezidi kumchanganya. Angekwenda akiwaza, nafsi niliyokuwa nayo zamani sasa nimenyang'anywa. Hata katika kuikosa, angekuwa ameikumbatia.

Kwa mwalimu wa sarufi kuna hotuba moja ambayo ni hazina. Inaitwa ya tonge la asali. Buddha alikuwa Kapilavatthu, mji wa jamaa zake, na bwana mmoja aliyezoea kutembea na fimbo akamuuliza kwa ukali, wewe unafundisha nini hasa? Jibu lilikuwa fupi mno hata watawa hawakulielewa, wakamwendea mtawa mwenzao, Mahakaccana, awafafanulie. Msikilize anavyopanga sentensi zake. Kwa kutegemea jicho na maumbo, fahamu ya jicho hutokea. Vitatu hivyo vikikutana, hapo pana mgusano. Kwa sababu ya mgusano, hisia hutokea. Mpaka hapo hakuna mtu. Mambo yanatokea tu, kama mvua. Kisha ghafla kitenzi kinabadilika: anachokihisi, anakitambua, anachokitambua, anakifikiria, anachokifikiria, anakitanua. Ameingia mtendaji. Na sentensi inayofuata inamgeuza yuleyule kuwa mtendwa: utambuzi uliotanuka unamvamia yeye, kwa habari ya yaliyopita, yajayo na yaliyopo. Katika pumzi moja mtu amezaliwa kwenye kitenzi, amefanya kazi, na kazi yake imemgeukia.

Nilijiona mle ndani waziwazi. Usiku mmoja mama alizidiwa, nikampigia kaka yangu. Simu ikaita mara moja, ikakatika. Sauti ya kukatika, basi. Mgusano na uchungu. Halafu nikatambua: amenikatia. Halafu nikafikiri: hajali. Ilipofika saa tisa za usiku nilikuwa nimeshapanga makosa yake yote tangu mwaka aliooa, na nimeandaa maneno ya kumwambia mbele ya wazee. Alfajiri akabisha hodi. Simu yake ilizima chaji. Alikuwa safarini usiku kucha. Nilimfungulia mlango nikiwa bado nina hasira naye, na hasira ile haikuondoka kwa kujua ukweli. Ilichukua siku tatu. Nilimpikia chai huku mkono wangu ukiendelea kumchukia.

Sasa nifike kwa mtawa Khemaka, ambaye kwa maoni yangu ndiye mtu mkweli kuliko wote katika hotuba hizi.

Watawa wazee walikuwa wakikaa mji wa Kosambi, katika bustani ya Ghosita. Khemaka alikuwa kwenye bustani nyingine, iliyoitwa Badarikarama, na badara ni kunazi. Kwa hiyo ni Bustani ya Mikunazi. Alikuwa mgonjwa sana. Wazee wakamtuma mwenzao Dasaka akamjulie hali. Khemaka akajibu bila kupamba: sivumilii, maumivu yanazidi, hayapungui. Dasaka akarudi na jibu. Wazee wakamtuma tena: Buddha amesema habari ya mafungu matano, je, Khemaka anaona lolote kati ya hayo kuwa nafsi au mali ya nafsi? Jibu: silioni. Wakamtuma mara ya tatu: basi kama huoni hivyo, wewe umekwisha kukombolewa kabisa. Na hapa ndipo mtu mwingine angenyamaza apokee sifa. Khemaka akasema hapana. Siyaoni mafungu haya kuwa nafsi, wala mimi si aliyekombolewa. Kuna "mimi nipo" ambayo bado haijaniondoka, ingawa siwezi kusema, hiki ndicho mimi.

Wakamtuma Dasaka mara ya nne kuuliza hiyo "mimi nipo" ni ipi, ni umbo, ni hisia, ni nini? Khemaka akaona inatosha. Mwenzangu Dasaka, mbio hizi za kwenda na kurudi za nini? Nipe fimbo yangu. Akainuka na maumivu yake akaenda mwenyewe.

Mbele ya wazee alitoa mifano miwili. Wa kwanza ni harufu ya yungiyungi. Ukiulizwa ni harufu ya nini, ukisema ni ya petali, au ya kikonyo, au ya nyuzi za ndani, utakuwa umejibu sawa? Wazee wakasema hapana, ni harufu ya ua. Ndivyo ilivyo "mimi nipo": haitoki kwenye umbo wala kwenye hisia wala popote unapoweza kutia kidole, lakini inanukia juu ya yote.

Mfano wa pili ni wa nguo. Nguo chafu hupewa dobi. Anaifikicha kwa udongo wa magadi, kwa maji ya majivu, au kwa samadi ya ng'ombe, kisha anaisuuza kwa maji safi. Nguo imetakata. Lakini bado inatoa harufu ya zile dawa za kufulia. Mwenye nguo huitia kwenye kasha lenye manukato, na taratibu harufu ile ya masalio hutoweka. Kwa Khemaka uchafu ulikuwa umetoka. Hoja zilikuwa zimefanya kazi yake. Kilichobaki ni harufu ya uoshaji, na dawa yake ilikuwa kukaa: kuyatazama mafungu yakitokea na yakipotea, siku kwa siku, mpaka harufu iishe. Hotuba inamalizia kwa kusema kwamba wakati Khemaka akiyaeleza hayo, nyoyo za wazee wapatao 60 zilikombolewa, na wa Khemaka pia. Mgonjwa alifunguliwa na maelezo aliyokuwa akiyatoa mwenyewe, akiwa na fimbo mkononi.

Hiyo "mimi nipo" ina jina kwa Kipali: asmimana. Sehemu ya mwisho, mana, ni kiburi, majivuno. Na neno hilo linatoka shina moja na kitenzi cha kudhani, kukichukulia kitu kuwa hivi au vile. Kumbe kwao pia kuwaza "mimi" na kujivuna ni mti mmoja. Yule msichana wa dawati la nyuma alikuwa amegusa kwa Kiswahili mahali ambapo Kipali kilikuwa kimeweka alama karne nyingi kabla.

Tofauti ni kwamba wao walikwenda mbali zaidi yetu. Sisi tunamwambia "unajiona" mtu anayejiweka juu. Hotuba zinataja kujiona kwa namna tatu: mimi ni bora, mimi ni sawa, mimi ni duni. Ya tatu ilinigusa. Mama, Mola amrehemu, aliyeona haya kwa ajili ya mkono wake, alikuwa akijiona. Mimi niliyekaa pale nikiwaza kuwa ni mtoto asiyefaa, aliyechoka mapema, nilikuwa najiona kuliko bwana yeyote wa mtaani mwenye gari jipya. Unyonge nao ni kioo.

Na kuna kuona kusiko na "ji"? Buddha alimwambia Bahiya kwamba katika kinachoonwa pawe na kinachoonwa tu, katika kinachosikiwa pawe na kinachosikiwa tu. Bahiya alikuwa mtu wa Supparaka, bandari ya pwani ya magharibi ya India. Kitabu kimoja cha mabaharia cha karne ya 1, kilichoandikwa kwa Kigiriki, kinaitaja bandari hiyo pamoja na Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu, na napenda kufikiri bahari moja ilivilowesha vyote viwili. Bahiya alitembea mpaka mji wa Savatthi kuomba fundisho, akalipata barabarani Buddha akiwa katika kuomba chakula, na muda mfupi baadaye akauawa na ng'ombe mwenye ndama.

Kiswahili chetu kinaijua njia hiyo, ingawa hatuitumii kwa makusudi. Mama alipoulizwa na daktari hakusema "naumwa". Alionesha bega akasema, "Hapa panauma." Mtendaji wa sentensi ile ni mahali. Hakuna nafsi ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Nimefundisha ngeli ya mahali kwa miaka mingi, na sikuwahi kuisikia kama nilivyoisikia kwenye chumba kile. Naye dakika mbili baadaye alikuwa akiugombeza mkono.

Alifariki mwaka 2021. Sanduku lake la mvule lilibaki kwangu. Mama alikuwa na desturi ya watu wa Pangani: khanga zikishafuliwa na kukauka, anazitandaza juu ya tenga, chini yake chetezo kinafuka udi, mpaka harufu ya sabuni ya mche iishe. Ndipo anazikunja na kuzifunga. Nilipousoma mfano wa Khemaka, yeye akiwa hai chumba kilekile, nilicheka peke yangu gizani, kwa sababu kasha la mtawa yule lilikuwa limesimama kwenye kona yetu, na ufunguo wake ulikuwa chini ya mto.

Wiki ile ya swali la msichana nilirudi nyumbani nikalifungua. Nikatoa khanga moja, nikaiweka usoni. Najua harufu ile inatoka wapi. Udi wenyewe niliununua mimi, Ngamiani, kwa muuzaji aliyeupima kwenye mizani ndogo ya sonara. Si ya uzi, si ya rangi, si ya pindo. Nilijaribu hata kuyasema hayo kwa sauti, moja moja, kama Khemaka na petali zake, huku nimeishika khanga usoni, na kila nilipovuta pumzi, mama alikuwa pale.

Nikaikunja kwa mikunjo yake ya zamani, nikafunga sanduku upesi, harufu isitoke.